Jua nafasi hufunguka wapi: maneno kwa mrushaji mgeni

Mdogo wangu uliyesaini mkataba wako wa kwanza wa besiboli, hongera. Sitakufundisha kushika slaida, ule mrusho unaokwepa kando. Makocha wa siku hizi wana kamera zinazouona mzunguko wa mpira kuliko jicho langu lilivyowahi kuuona. Nitakueleza jambo ambalo hakuna kocha atakayekaa kitako kukueleza, kwa kuwa si kazi yake: namna nafasi za kazi zinavyofunguka na kufungwa. Mrushaji anayezunguka ligi hadi ligi miaka kumi au zaidi si lazima awe na mkono bora kuliko wenzake waliorudi nyumbani mapema. Mara nyingi ni yule anayejua nafasi itatokea wapi, na itakapotokea mkono wake umepumzika.

Anza na hesabu. Chini ya klabu 30 za Ligi Kuu ya Marekani kuna klabu 120 za ligi ndogo zilizofungamana nazo, kutoka Single-A, High-A na Double-A hadi Triple-A, ukiacha ligi za chipukizi za Florida, Arizona na Jamhuri ya Dominika. Kule juu, kwa sehemu kubwa ya msimu kikosi ni cha watu 26, na warushaji hawaruhusiwi kuzidi 13. Nyuma ya kikosi hicho kuna orodha ya watu 40, nayo ndiyo mlango wenyewe. Asiyekuwemo, hata akirusha maili 98 kwa saa, klabu ikimtaka juu lazima impatie nafasi kwenye orodha, na kama imejaa, basi kuna mtu atakayetolewa na huenda akachukuliwa na klabu nyingine. Kwa hiyo usinune mwenzako mwenye takwimu mbaya kuliko zako akiitwa. Yeye yumo, wewe humo.

Aliyemo naye ana hesabu yake. Klabu inaweza kumshusha ligi ndogo katika misimu mitatu bila kumpitisha kwanza mbele ya klabu nyingine zimchukue zikitaka, na tangu 2022 haiwezi kumshusha zaidi ya mara tano ndani ya msimu mmoja. Mrushaji akishushwa hukaa huko siku 15 kabla ya kuitwa tena, isipokuwa anaziba pengo la majeruhi. Ukiwa Triple-A, kabla ya kulala angalia matokeo ya timu kubwa. Kama mrushaji wao aliyeanza mechi aliondolewa mapema na wa akiba watano wakamalizia, asubuhi simu zitaanza kupigwa. Ataitwa nani? Anayeweza kushushwa tena bila hasara, ambaye hakurusha jana wala juzi. Nimemwona mtu akipanda kwa sababu tu mvua iliahirisha mechi yake huku wenzake wote wamechoka. Alirusha awamu tatu kati ya tisa za mechi, akashushwa, na hakuwa na sababu ya kulia: kima cha chini cha Ligi Kuu mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000 kwa msimu, yaani zaidi ya dola 4,000 kwa siku. Siku 43 tu za kuwa juu zinakupa haki ya pensheni. Zihesabu siku zako mwenyewe. Usiiachie klabu ikuhesabie.

Huku chini pesa ni nyingine kabisa. Mkataba wa kwanza wa pamoja wa wachezaji wa ligi ndogo, uliofikiwa 2023, uliweka kima cha chini cha dola 26,200 kwa mwaka Single-A na 35,800 Triple-A. Wakongwe watakusimulia walivyolala sita chumba kimoja juu ya magodoro ya kupuliza. Wasikilize kwa adabu, maana ni kweli, ila tangu 2022 klabu ndizo zinazobeba makazi ya wachezaji wengi.

Siku utakayoachwa, na karibu kila mmoja wetu huachwa, usikubali kukaa nyumbani ukisubiri simu. Kuna ligi huru kama Atlantic League, iliyoanza 1998, pamoja na American Association na Frontier League. Mshahara ni mdogo, lakini unarusha mbele ya wapigaji watu wazima, na watafutaji vipaji wanaangalia. Mrushaji Rich Hill alikuwa na miaka 35 alipojiunga na Long Island Ducks wa Atlantic League mwaka 2015. Alianza mechi mbili, Boston wakamchukua, na Septemba akawaanzia mechi nne kwenye Ligi Kuu. Oakland wakampa dola milioni 6 kwa mwaka mmoja, kisha Dodgers milioni 48 kwa miaka mitatu. Watu hupenda kuisimulia habari hiyo kama muujiza. Mimi naiona hivi: alianza kuutumia mpira wake wa kupinda mara nyingi kuliko alivyozoea, na aliufanya uamuzi huo akiwa mahali anapoonekana. Angeufanyia mazoezi nyuma ya nyumba, nani angejua?

Sasa ng'ambo, ambako ndiko vijana wengi hupotelea au hupata maisha. Njia hii ni ya zamani. Mrushaji Satchel Paige alirusha Jamhuri ya Dominika mwaka 1937, na alipanda kilima cha kurushia cha Ligi Kuu kwa mara ya kwanza 1948 akiwa na miaka 42, kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa kwa watu weusi. Wako unafungwa na hesabu za kikosi tu, kwa hiyo unaweza kuupigia mahesabu.

Ligi ya Korea Kusini, KBO, ina timu 10. Kila timu huajiri wageni watatu, na wote watatu hawawezi kuwa warushaji, hivyo desturi ni warushaji wawili na mpigaji mmoja. Ukiacha nafasi ya ziada ya wachezaji wa Asia na Australia, hizo ni kazi kama 20 kwa warushaji wa dunia nzima. Mgeni mpya hawezi kugharimu zaidi ya dola milioni 1 mwaka wa kwanza, na humo mna mshahara, pesa ya kusaini, hata ada ambayo klabu yako ya Marekani italipwa ikuachie. Isome tena sentensi hiyo. Klabu yako ikidai ada kubwa, inakatwa kwenye fungu lako. Ndiyo maana mwambie wakala, kabla hujasaini mkataba wowote wa Triple-A, aweke kipengele cha kuachiwa ikija ofa ya Asia, na kiasi cha ada kitajwe humohumo. Kuanza kubishania hilo mwezi Juni ofa ikiwa mezani ni kuchelewa.

Japani kuna timu 12, na idadi ya wageni kwenye kikosi cha kwanza ina kikomo. Maana yake ni kwamba unashindana na wageni wenzako kuliko unavyoshindana na Wajapani. Unaweza kuwa mzima, unalipwa vizuri, na bado ukakaa kikosi cha pili mwezi mzima kwa sababu wageni waliotangulia wanafanya vizuri. Kabla ya kusaini, uliza timu ina wageni wangapi na wanacheza nafasi gani. Ukipata nafasi utaipenda ratiba: anayeanza mechi kwa kawaida hurusha mara moja kwa wiki. Mpira wao unanata mkononi. Ule wa Marekani hutoka kiwandani ukiteleza mpaka upakwe tope. Utakaporudi, jipe majuma kadhaa ya kuzoea tena.

Wapigaji wa huko watakukera. Wengi hawalengi kuupasua mpira. Wanaugusa tu, wanaukata nje ya mstari mara tano, sita, hadi umefikisha mirusho 90 awamu ya tano haijaisha. Usihangaike kuwafanya wakose mpira. Waache waugonge ardhini, walinzi wako wafanye kazi. Na Korea, tangu 2024, mashine ndiyo inayoamua kama mpira umepita ndani ya eneo ambalo mpigaji anapaswa kuupiga. Mdakaji mwenye mikono ya ujanja, anayeuvuta mpira uonekane umepita ndani, hakusaidii tena, na kumtolea macho mwamuzi ni kupoteza nguvu.

Jambo ambalo wageni wengi hawalielewi ni kwamba huko hukuletwa ukue. Umeletwa urushe awamu nyingi leo. Mrushaji Merrill Kelly alifika Triple-A na hakuwahi kuitwa juu. Akaenda Korea 2015, akarusha misimu minne, akarudi na kuanza Ligi Kuu 2019 akiwa na miaka 30. Mwaka 2023 alishinda mechi ya pili ya fainali kwa Arizona: awamu saba, akaruhusu mkimbio mmoja tu. Mrushaji mwenzake Dustin Nippert yeye alibaki hukohuko Korea kuanzia 2011 hadi 2018 na kushinda mechi 102. Mimi simwoni wa pili kama aliyeshindwa kurudi. Alipata kazi nzuri akaishika.

Taiwan ni ligi ya timu sita, na mara nyingi ni kituo cha aliyetoka Korea au anayeitafuta. Meksiko ni habari tofauti kwa sababu ya hewa. Jiji la Mexico liko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Mpira unaopinda unakataa kupinda, na uliopigwa unakataa kushuka. Chenjiapu, mrusho wa polepole unaofanana na wa kasi, haidhuriki sana, kwani inategemea kumdanganya mtu kasi. Takwimu zako zikiharibika huko, au Albuquerque kule Marekani, nako ni juu, usianze kubadili mkono wako kwa hofu. Wanaokutafuta wanajua uwanja ulipo.

Ligi za majira ya baridi, kuanzia Oktoba hadi Januari, zinalipa vizuri na zinafukuza haraka. Mechi mbili mbaya Santo Domingo na tiketi ya kurudi iko tayari. Hapo ujilinde mwenyewe: kama ulirusha awamu 150 kiangazi, omba kazi ya akiba, au usiende. Upasuaji wa kiwiko uliopewa jina la mrushaji Tommy John, ambaye alifanyiwa 1974 na baadaye akashinda mechi 164, umeokoa wengi, lakini kupona huchukua mwaka au zaidi, na klabu ya ng'ambo haitakusubiri.

Simu ya Asia hupenda kuja Juni au Julai. Swali la kwanza kwa wakala: ninachukua nafasi ya nani? Tangu 2024 timu ya Korea inaweza kuajiri mgeni wa muda mgeni wao akiumia wiki sita au zaidi, na hiyo ni kazi ya wiki sita, si ya msimu. Kama mwenye nafasi amefukuzwa, uliza tarehe. Korea, aliyesajiliwa baada ya Agosti 15 hachezi hatua ya mtoano. Japani dirisha la kawaida la usajili hufungwa mwisho wa Julai. Viza nayo huchukua siku zake, kwa hiyo pasipoti iliyobakiza miezi miwili ianze kushughulikiwa tangu mwezi Machi.