Maswali na majibu: Mwaga maji kwanza

Barua nyingi za wiki hii ni za taa za mbele. Si ajabu, masika yameingia, na usiku wa mvua ndipo mtu anapogundua kwamba miezi yote hii amekuwa akiendesha kwa taa za barabarani, si za gari lake.

SWALI: Fundi, salaam. Naendesha teksi, gari la mtumba kutoka Japani. Taa zimegeuka njano. Kijana mmoja Kongowea alizisugua kwa dawa ya meno zikang'aa, lakini wiki ya tatu zikawa mbaya kuliko mwanzo. Je, alinidanganya? (Dereva, Kisauni)

JIBU: Hakukudanganya, alikuuzia nusu ya kazi. Tunakiita kioo cha taa, lakini ni plastiki ngumu, polikaboneti. Kiwandani hupakwa utando mwembamba wa kuikinga na miale ya jua, na utando ukichakaa, jua huanza kuila plastiki yenyewe. Sheria yetu huruhusu kuingiza gari lisilozidi miaka 8, na wengi huagiza la miaka saba, kwa hivyo utando ulianza kuchoka huko huko kabla hujaonja jua la Mombasa. Dawa ya meno ni kama msasa mwororo. Iliondoa ukungu wa juu, ikaondoka na utando uliobakia, plastiki ikabaki uchi.

Kabla ya kumpa fundi mwingine hata shilingi, mwaga maji kwenye taa, uitazame ingali imelowa. Ikionekana safi chini ya maji, ugonjwa uko nje na unatibika. Ikibaki na ukungu vile vile, ugonjwa uko ndani, na hakuna msasa utakaoufikia.

Kama ni nje, kazi yenyewe ni hii. Taa ioshwe kwa sabuni, rangi ya gari inayoizunguka ibandikwe tepu ya karatasi. Msasa wa maji namba 600, kisha 1000, kisha 2000, na ukipata 3000 ni bora zaidi. Kila namba isuguliwe kwa mwelekeo tofauti na iliyotangulia, ndiyo utajua mikwaruzo ya mwanzo imekwisha. Tazama maji yanayochuruzika: mwanzoni ni ya njano kama yaliyooshea bizari, na yakigeuka meupe ujue utando mbovu umetoka wote. Hapo taa itakuwa nyeupe kama tui la nazi. Wenye magari wengi hushtuka roho hapo. Tulia. Polishi huirudisha, mradi fundi asiikazie mashine mahali pamoja, kwani joto huacha alama kwenye plastiki.

Sasa ile nusu ya pili: ipanguswe kwa spiriti, ikauke, ipuliziwe vanishi ya magari yenye kinga ya jua, ile mafundi wanayoiita klia. Ya kuchanganya na hadina, dawa ya kuigandisha, hudumu zaidi, ila mpuliziaji avae barakoa ya kemikali, si kitambaa. Na isipuliziwe asubuhi yenye unyevu, ingoje hewa ikauke, la sivyo itaingia weupe. Fundi akikwambia klia si lazima, tafuta fundi mwingine.

Usitarajie upya kamili. Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima mwaka 2018 kikakuta taa zilizofifia hutoa kama asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya, na zikisafishwa hufika karibu asilimia 70. Kwa dereva wa usiku, tofauti hiyo ndiyo itakayokuonyesha mkokoteni usio na taa.

SWALI: Nimesikia dawa ya mbu ya kujipaka husafisha taa. Kweli? (Changamwe)

JIBU: Kweli, kwa sababu inaiyeyusha plastiki. Ikidondokea rangi ya bonet nayo utaipaka upya. Thina na petroli ni hivyo hivyo, plastiki hujaa nyufa ndogo ndogo.

SWALI: Baba, shikamoo. Baada ya mvua taa ya kushoto ina maji ndani, kama chupa. Nitoboe tundu yatoke? (Mama wa watoto watatu, Tudor)

JIBU: Marahaba mwanangu. Tundu usitoboe, litaingiza zaidi ya linachotoa. Umande mwembamba unaokauka taa ikiwaka dakika chache si neno, taa zina matundu yake ya kupumulia. Lakini maji yanayocheza ndani yana njia: aghalabu ni mpira wa nyuma ya balbu uliorudishwa vibaya, au ufa. Anza na mpira, ni bei ya chai na mahamri. Usikawie, maana maji hubabua ile sahani inayong'aa nyuma ya balbu, nayo ikishababuka unanunua taa nzima.

SWALI: Mwanga wangu ni hafifu. Nitie balbu za wati 100? (Mtwapa)

JIBU: Umemwaga maji kwanza? Taa nyingi za balbu ya H4 zimeundiwa wati 60 kwa mwanga mkali na 55 kwa ulioinamishwa. Wati 100 huchoma soketi na nyaya, na ukungu wa plastiki hutawanya mwanga wote huo machoni mwa anayekuja mbele yako. Safisha kwanza, kisha tia balbu ile ile, mpya. Usiishike kioo chake kwa vidole, mafuta ya ngozi huiua mapema.

SWALI: Nimeshazisafisha, nizitunzeje? Naegesha nje, karibu na bahari. (Bamburi)

JIBU: Mchana egesha pua ikiangalia mashariki, jua la alasiri lipige nyuma. Chumvi ioshe kwa maji matamu kila wiki, na nta ya gari kila miezi miwili. Kitambaa kikavu juu ya vumbi ni msasa, usikitumie.

SWALI: Peugeot 504 yangu haijawahi kugeuka njano. Siri ni nini? (Mzee, Majengo)

JIBU: Mzee wangu, zako ni vioo vya kweli. Jua haliwezi kitu hapo. Jiwe ndilo adui yako.