Jeni hazibadiliki, huamshwa tu

Ndugu, umeuliza kama mtu aliyezaliwa na kukulia Dar es Salaam, usawa wa bahari, hubadilika jeni anapopanda Kilimanjaro yenye mita 5,895. Jeni zenyewe hazibadiliki. Kinachobadilika ni zipi zinafanya kazi na kwa kiasi gani, na hicho ndicho watafiti hupima wanaposoma RNA, yaani nakala zinazotolewa kwenye jeni inayofanya kazi, ndani ya seli za moyo na mapafu.

Oksijeni ikiwa ya kutosha, protini ziitwazo HIF hutengenezwa na kuvunjwa papo hapo, kama maji yanayotiwa kwenye ndoo iliyotoboka. Oksijeni ikipungua, tundu huziba: protini hizo hurundikana, huingia kwenye kiini cha seli na kuamsha jeni nyingi, ikiwemo ya erithropoietini, homoni inayotoka zaidi kwenye figo na kuuchochea uboho utengeneze chembe nyekundu za damu. Wanasayansi Kaelin, Ratcliffe na Semenza walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2019 kwa kugundua jinsi seli zinavyohisi oksijeni.

Binafsi hunishangaza zaidi mapafu. Oksijeni inapopungua, mishipa ya damu kwingineko mwilini hutanuka, ilhali ya mapafu hujibana, na hali hiyo ikidumu kwa muda mrefu upande wa kulia wa moyo hulazimika kusukuma damu kwa nguvu hadi misuli yake ikanenepa. Watibeti wengi, watu wa nyanda za juu sana za Asia, wana aina ya jeni ya EPAS1 (jeni ya mojawapo ya protini za HIF) inayozuia damu yao isiwe nzito kupita kiasi. Sisi wa Kariakoo tutapanda polepole.