Kabla ya majibu ya maabara: niliyoyaona nikisimamia ghala la dawa

Ndugu mleta mada ametukumbusha tukio la Aprili 2024, Nigeria ilipotangaza kwamba imekuta sumu ya daiethilini glaikoli katika toleo namba 329304, yaani fungu la chupa zilizotengenezwa kwa pamoja, la dawa ya kikohozi ya watoto iliyotengenezwa Afrika Kusini. Nchi kadhaa, zikiwamo Kenya, Rwanda na Tanzania, ziliagiza toleo hilo liondolewe sokoni, kisha mtengenezaji akasema vipimo vyake mwenyewe havikuikuta sumu hiyo. Swali lake ni hili: je, si haki kampuni isubiri uhakika kwanza, badala ya kujitia hasara kwa jambo ambalo pengine halipo?

Nilisimamia ghala la msambazaji mmoja wa dawa jijini Mwanza kwa miaka sita, na swali hilo lilinifika kazini. Ilikuja barua ya mtengenezaji ikitutaka tusitishe mauzo ya toleo moja la dawa ya maji ya kushusha homa ya watoto, kwa kuwa baadhi ya chupa zilikutwa na ukungu. Tulikuwa tumepokea katoni 400 na ghalani zilibaki 61. Nilipofungua ankara ili nijue zile 339 zimekwenda wapi, nilikuta jina la dawa, idadi na bei, lakini namba ya toleo haikuandikwa popote. Toleo lile lilikuwa limetoka wiki zilezile pamoja na mengine mawili kwenda Geita, Sengerema, Bukoba na visiwani, na hapakuwa na mtu wa kusema lipi lilikwenda kwa nani. Kwa maoni yangu kosa letu kubwa halikutokea siku ya barua. Lilitokea miezi mingi nyuma, tulipoona kuandika tarakimu chache kwenye ankara ni kuwachelewesha wapakiaji.

Mkurugenzi wetu, ambaye nilimheshimu na bado namheshimu, alitaka tuwapigie simu kimyakimya wateja kumi wakubwa, na wengine wasubiri majibu ya maabara, kwa hofu kwamba habari ikienea maduka yatarudisha hata dawa salama. Nilimjibu kwamba majibu yangechukua wiki kadhaa, ilhali chupa ya dawa ya mtoto huisha ndani ya siku chache, kwa hiyo kusubiri ni sawa na kuamua kwamba zinywewe zote. Tukitangaza na ikaonekana dawa ilikuwa salama, tutapoteza fedha. Tukinyamaza na ikaonekana ilikuwa na madhara, atakayeumia ni mtoto ambaye hakuna aliyemuuliza kama yuko tayari kusubiri. Tulibishana karibu saa nzima, kisha akakubali.

Mimi nilivuka kwa kivuko hadi Nansio, Ukerewe. Katika duka moja la dawa muhimu nilimkuta mama mtu mzima aliyekuwa na daftari ambamo aliandika toleo na tarehe ya kuisha muda ya kila dawa anayoipokea. Kabla sijamaliza kunywa maji aliyonipa alikuwa ameshajua kwamba kati ya chupa 24 zilibaki 9, na akamtuma kijana wa bodaboda kwenye kaya alizokumbuka kuziuzia. Ndipo akaniuliza, "Baba, na hela yangu napata leo, au mpaka nije kuagiza tena?" Utaratibu wetu ulikuwa kumpunguzia mteja kiasi hicho kwenye oda inayofuata, jambo ambalo kwa duka dogo huweza kuchukua miezi miwili. Katika duka la pili mwenyewe aliniambia waziwazi kwamba chupa amezitoa kwenye shelfu, lakini hazikabidhi bila fedha mkononi. Sikuweza kumlaumu, kwani mtaji wake haukuwa wa kuukopesha kampuni. Nilipiga simu Mwanza, nikaruhusiwa kulipa taslimu kutoka makusanyo ya safari ile, na tangu hapo chupa zikaanza kurudi.

Baadaye nilisoma habari za Marekani mwaka 1937, nikaona mambo yaleyale kwa ukubwa wa kutisha. Kampuni ya S. E. Massengill ya Bristol, Tennessee, iliyeyusha salfanilamaidi, dawa ya kutibu maambukizi ya bakteria, katika daiethilini glaikoli, sumu ileile tunayoizungumzia, bila kuijaribu kwanza kama ni salama. Zaidi ya watu 100 walikufa, wakiwamo watoto wengi. Telegramu za kwanza za kampuni ziliomba tu dawa irudishwe, wala hazikusema kwamba inaua. Mamlaka ya dawa ya nchi hiyo iliishinikiza itume nyingine, na hizo zikaeleza kwamba dawa inaweza kuhatarisha maisha na kwamba irudishwe kwa gharama ya kampuni. Wakaguzi walifuata kumbukumbu za mauzo kutoka mlango hadi mlango, hata wakakusanya karibu galoni 234 kati ya 240 zilizotengenezwa. Naona maneno kuhusu gharama yalikuwa na uzito sawa na yale ya hatari, maana nimeshasimama mbele ya mwenye duka nikiwa sina cha kumlipa.

Kwa hiyo, ndugu, hata kama vipimo vya mtengenezaji vya mwaka 2024 vilikuwa sahihi, nchi zile zilifanya vyema kutosubiri, hasa baada ya dawa za watoto zenye sumu hiyo kuhusishwa na vifo vya watoto wapatao 70 nchini Gambia mwaka 2022. Ninalouliza mimi ni maduka mangapi yaliyosoma agizo lile yalikuwa na daftari la kutafutia namba 329304.

Sisi tuliongeza safu ya toleo kwenye ankara mwezi uliofuata. Katika zile katoni 339 tulirudishiwa kiasi cha katoni 212. Nyingine zilikuwa zimekwisha kutumika, na wazazi walionipigia simu kuuliza kama chupa waliyonunua ilikuwa ya toleo lile, sikuweza kuwajibu.