Mazuku ndani ya beseni: kwa walimu wapya wa sayansi Goma

Wiki ya Toussaint, sikukuu ya Watakatifu Wote, ikikaribia, watoto wa shule ya msingi huwa wamejaa hadithi za mizimu, na mwalimu mgeni hushawishika kujifunika shuka jeupe na kuwapigia makelele. Usijisumbue. Goma ina kitu kinachotisha kuliko shuka, tena kinapimika: mazuku, yaani kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kulala mabondeni, hasa magharibi mwa mji kuelekea Bulengo na Lac Vert. Haionekani, huua mbuzi na kuku, na wapo watu wazima wanaoapa kwamba ni pepo.

Kabla ya vifaa, jambo moja. Usimpe mtoto yeyote sehemu ya kuigiza mchawi, hata kwa mzaha. Huku kwetu mtoto akiitwa mulozi darasani, jina humfuata nyumbani, na wapo waliofukuzwa na familia kwa ajili hiyo. Kitisho kibaki kwenye beseni.

Tafuta chombo kinachoonyesha ndani, chenye kuta zilizosimama wima, kitako cha sentimita 20 kwa 15 na kina cha 15 hivi. Simamisha ndani yake vipande vitatu vya mshumaa: miali yao iwe sentimita 3, 7 na 12 kutoka chini. Weka pembeni chombo cha pili kinachofanana nacho, chenye mishumaa ileile, ambacho hutakigusa. Bila hicho cha pili, mtoto mwerevu atakuambia mshumaa umezimika kwa sababu uko shimoni, na hutakuwa na jibu.

Gesi itengeneze kando. Kata sehemu ya juu ya bidoni (dumu la plastiki) ya lita 5, tia mililita 100 za siki ya asilimia 5, kisha gramu 7 za bikarbonati ya soda, ambazo ni kijiko kidogo kimoja na nusu kilichosawazishwa. Funika kwa daftari bila kubana. Hapo unapata karibu lita 2 za gesi. Povu likishatulia, inamisha bidoni taratibu kwenye ukuta wa chombo cha mishumaa, mbali na miali, na uache kumimina kabla siki haijafika mdomoni mwa bidoni. Macho yataona unamimina hewa tupu. Mwali wa chini utalala, utapungua, utazimika. Wa kati hufuata ukirudia kipimo. Wa juu unaendelea kuwaka.

Kabla ya kumimina, kila mtoto aandike ni mshumaa upi utazimika kwanza na kwa nini. Wengi huandika wa juu, kwa sababu gesi inaingilia juu. Usiwasahihishe mapema.

Mambo yakiharibika, sababu huwa ni mojawapo ya hizi. Dirisha liko wazi na upepo wa ziwa unafagia gesi: lifunge kwa dakika hizo tu. Mishumaa ni minene, joto lake linapandisha hewa na kuchanganya kila kitu: tumia ile myembamba. Au sokoni umepewa hamira ya keki badala ya bikarbonati. Hamira ya keki ina wanga na asidi yake yenyewe, kwa hiyo kwa uzito uleule inatoa gesi kidogo. Ijaribu kwenye maji baridi matupu: ikichemka povu, si bikarbonati.

Sehemu inayowanyamazisha watoto ni ya mapovu. Chukua sanduku kubwa la plastiki linaloonyesha ndani, la sentimita 40 kwa 30, na utie chini yake nusu lita ya siki na gramu 35 za bikarbonati. Subiri litulie. Changanya kipimo kimoja cha sabuni ya vyombo na vinne vya maji, ongeza kijiko kidogo cha sukari. Puliza mapovu juu ya sanduku, upande, yadondoke yenyewe. Ukipulizia ndani unaifukuza gesi. Povu litashuka, kisha litasimama hewani bila kitu chini yake. Waambie waliangalie vizuri: linazidi kunenepa na kushuka polepole, maana kaboni dioksidi inapenya utando wa sabuni na kuingia ndani. Hakuna mtoto anayeingiza uso sandukuni. Ile harufu inayochoma puani ni dalili kwamba tayari anaivuta.

Sasa ndipo uulize kwa nini kuku na mbwa hufa mazuku kabla ya ng'ombe, na kwa nini asubuhi isiyo na upepo ni mbaya kuliko mchana. Gesi hii ina uzito wa mara moja na nusu ya hewa. Wakishaona mishumaa, watajibu wenyewe. Lakini sisitiza mambo mawili hadi wayarudie. Mwenzao akianguka bondeni wasiiname kumwinua, wakimbie kuita watu wazima. Na mshumaa si kipimo cha usalama nje: mtu anaweza kuumwa kichwa na kuhema wakati mwali bado unawaka vizuri.

Darasani huenda yumo aliyepoteza ndugu kwa mazuku, au katika mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa Mei 2021. Uliza walimu wenzako mapema, na umruhusu akae mlangoni au ashike saa ya kupimia. Siki iliyobaki imwage chooni, suuza bidoni, fungua madirisha yote kabla ya zamu ya pili kuingia.