Hita inapuliza baridi gari likisimama

Ndugu, umesema gari likisimama huku injini inawaka hita inapuliza baridi, ila ukikanyaga mafuta joto linarudi. Usikimbilie kubadilisha thamostati, yaani vali inayodhibiti joto la maji ya injini. Ikikwama wazi, hita hupoa zaidi ukiwa mwendoni. Dalili yako inaonyesha maji hayafiki vizuri kwenye hita injini ikizunguka polepole.

Anza na kiwango cha kulanti (maji ya kupozea injini), injini ikiwa imepoa kabisa. Tafadhali usifungue mfuniko wa rejeta ukiwa moto, utaungua vibaya. Kama imepungua, jaza kisha utoe hewa: inua pua ya gari, acha mfuniko wazi, washa injini iliyopoa, weka hita kwenye joto la mwisho. Utaona mapovu yakipanda na maji yakishuka. Ongeza mpaka mapovu yaishe.

Ikiwa bado, injini ikishapata moto gusa kwa uangalifu mipira miwili ya maji inayounganishwa na hita. Mmoja wa moto na mwingine baridi? Hita imeziba, isafishwe. Yote vuguvugu, shuku wota pampu, pampu inayozungusha maji hayo. Kulanti ikizidi kupungua bila kuvuja nje, fundi apime haraka gasketi ya silinda hedi (kiziba kati ya bloku ya injini na kichwa chake).