Miss na mpunga vinakutana wapi?

SWALI: Jambo yaya. Miye nauzisha mchele ku soko ya Kadutu. Mtoto wangu alinionyesha video ku telefone, watu wa Malaysia wako wanafanya sikukuu ya mavuno ya mpunga, wanapiga zile sahani kubwa za chuma zenye kulia sawa kengele, wanakunywa, na kisha wanavika binti mmoja taji sawa miss. Sasa huyo miss anaingia wapi mu mambo ya mpunga? Jirani yangu anasema ni ya mashetani.
Mama wa mchele, Bukavu

JIBU: Jambo mama. Ile inaitwa Kaamatan, ni ya Wakadazan-Dusun wa jimbo la Sabah, kisiwani Borneo, wanaifanya mwezi wa 5 na tarehe 30 na 31 ni konje, siku za mapumziko, jimbo zima.

Huyo binti sasa. Wazee wao wanasimulia kwamba zamani njaa ilipiga watu vibaya, Kinoingan, Mungu wao muumba, alikuwa na binti mmoja tu, Huminodun, binti akakubali kufa ili watu wakule, mwili wake ukapandwa mu udongo na ndio mpunga ukaota. Njo maana kila mwaka wanachagua Unduk Ngadau, anasimama pa nafasi yake. Siku hizi imekuwa miss kabisa, mahameli nyeusi yenye nakshi za dhahabu, majaji, makofi, mpaka unaweza kusahau kama hapo kuna mtu alikufa. Mimi hiyo inanisumbua kidogo.

Lakini yenye itakugusa wewe ni hii: kwao mpunga uko na roho, Bambaazon, na punje zikimwagika njiani ama panya na ndege wakizikula ile roho inaumia, inapotea, basi bobohizan, mama wa kimila mwenye kujua maombi ya zamani, anafanya Magavau kuiita irudi nyumbani. Nilifikiria zile punje zinaangukaka chini ya meza zenu pa soko!

Mashetani? Wengi wao leo ni Wakristo, Wakatoliki kibao, wanaenda misa na kisha wanacheza Sumazau, mikono imefunguka sawa ndege anaruka. Kile kinywaji ni tapai, pombe ya mchele, iko mu mtungi wanaivuta na mrija, sawa wazee wetu na pombe ya mtama. Huyo jirani umuulize kama kasiksi, pombe yetu ya ndizi, nayo ni ya shetani. Na siku utajaribu tapai na mchele wa Uvira, unichungie mrija mmoja.