Jibu: Kujitolea kwenye maonyesho ya amani

Dada, umeuliza kama unaweza kujitolea kwenye maonyesho ya picha za Hiroshima, mji wa Japani uliopigwa bomu la atomiki, hapa Mwanza bila kuwa msomi wa historia. Unaweza kabisa, na tunakuhitaji. Kazi kubwa ni kukaa na wanafunzi. Usianze na picha za majeruhi. Anza na Sadako Sasaki, msichana wa Hiroshima. Alikuwa na miaka 2 bomu lilipolipuka Agosti 6, 1945, akafariki kwa saratani ya damu mwaka 1955. Hospitalini alikunja ndege aina ya korongo wengi wa karatasi akitamani kupona, kwa imani ya Kijapani kwamba anayekunja korongo elfu moja hutimiziwa ombi lake. Hapo watoto huuliza maswali mazito, wape muda. Mtu mzima akilia, msogezee kiti, usimhubirie. Halafu vaa sweta, asubuhi za kipupwe upepo wa ziwa unaingia hadi ukumbini.